Simu ya Margareta Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeiua simu ya mke wangu. Nia ilikuwa njema! Nilitaka iwe nyepesi, nikaweka programu ya kuongeza kasi. Ikazima, ikawaka, ikaganda kwenye nembo. Tangu asubuhi ni nembo tu.

Ndiyo simu pekee tuliyo nayo mimi na yeye. Yangu niliibadilisha mwaka jana na mashine ya kutotolea vifaranga. (Vifaranga: hakuna.) Na kila Ijumaa saa kumi jioni, Jesca, binti yetu, hupiga kutoka Maskati anakofanya kazi za ndani. Bosi wake humpa simu saa hiyo tu. Mama yake huanza kujipamba tangu saa nane.

Nimemwambia Margareta nitaitengeneza mwenyewe. Akasema haya, baba Jesca.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepita kwa Nurdin, fundi simu wa hapa Chanika. Kupeleleza tu. Anasema simu inataka kuflashiwa, yaani kuwekewa mfumo upya kwa kompyuta, nimwachie, nusu saa imekwisha. Kisha akauliza vifaranga wanaendeleaje. Mbele ya wateja! Simpi.

Kompyuta nimeazima kwa Ansbert, katibu wa jumuiya yetu kanisani. Nimemwambia nataka kumpangia vizuri orodha ya wanajumuiya. Betri yake imekufa, inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Faili la simu nimepakuliwa pale steshenari.

Margareta kaomba simu mara moja aifute vumbi. Kaingia nayo chumbani, kairudisha inang'aa. Roho imeniuma. Anamfuta vumbi maiti.

Jumatano, 10 Septemba

Masaa matano kompyuta haioni simu! Nimebonyeza kitufe cha sauti mpaka kidole gumba kimekufa ganzi. Hamida, mpangaji wetu wa chumba cha uani, akapita na ndoo, akasema waya ule ni wa kuchaji tu. Nikamjibu najua, nilikuwa naujaribu. Akaniazima wa kwake.

Margareta ameniletea chai na mihogo mara mbili. Hajauliza kitu. Afadhali angegomba.

Alhamisi, 11 Septemba

Imeonekana! Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Asilimia kumi. Arobaini. Nikamwita Margareta. Tukakaa benchi moja, bega kwa bega, kama enzi za uchumba, tunatazama mstari. Sabini na moja. Akaniegemea.

Umeme ukakatika. Si mtaa mzima, ni sisi tu: LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, imeisha. Juzi alinikumbusha ninunue, nikasoma mita bila miwani, nikamwambia uniti zipo za wiki nzima. Sasa simu haionyeshi hata nembo.

Ijumaa, 12 Septemba

Umeme umerudi. Simu haikurudi. Saa tisa na nusu Margareta akatoka na kile kitenge cha zambarau, na kilemba juu. Nikashindwa. Nikakiri yote: programu, Nurdin, uongo kwa Ansbert. Nikasema mtoto atapiga na hatapata mtu, na kosa ni langu. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Saa kumi kamili, kitenge kikaita.

Akachomoa kiunoni kitochi cha Hamida, kile kisimu chake cha vitufe. Laini ya Margareta imo humo tangu Jumanne, alipokwenda kufuta vumbi. Siku zote hizo sikufungua kitundu cha laini! Jesca akaniamkia, akasimuliwa, akacheka mpaka akakohoa. Akasema kwa bosi wake kila kitu kinafanya kazi, lakini hakuna wa kumchekesha.

Nikamuuliza Margareta kwa nini aliniacha nihangaike. Akasema tangu ghala la Temeke linistaafishe hajaniona nikiamka alfajiri nina la kufanya. Hakutaka kuninyang'anya. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumamosi, 13 Septemba

Margareta mwenyewe kaipeleka simu kwa Nurdin. Nusu saa. Nimemwahidi sitagusa tena simu yake, na ahadi ni ahadi.

Sasa ameongozana na Hamida sokoni. Kitochi cha Hamida wamekiacha mezani. Nimekichunguza. Maandishi yake madogo mno kwa macho ya mama mtu mzima kama Hamida, na kompyuta ya Ansbert ninayo mpaka Jumatatu. Waya ninao, tena ule sahihi.

LUKU nimeiangalia. Zipo za kutosha.