Hakuna Salamu, Hakuna Kitabu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Dharau! Kijana mmoja, Masalu, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, kaingia maktabani kwetu na mabuti ya vumbi, kanipita mezani kama kabati. Salamu hakuna. Kachukua kitabu cha hadithi, kakaa dirishani, kapiga simu, akaanza kupayuka. Ndani ya maktaba! Nikamwambia hapa si machimboni. Akaomba basi nimwandikishe uanachama, aondoke na kitabu. Nikamjibu mkazi wa Geita akaazime Geita. Akarudi dirishani, akazidisha sauti. Mshenzi!

Na wiki yenyewe ndiyo hii. Mama Asteria, mkuu wetu, anastaafu. Ijumaa anamtaja wa kukaimu. Ni mimi au Paskalina, anayewachekea hata wanaochana magazeti. Tutaona nani anajua nidhamu. Nimemwambia mke wangu atafute kuku wa sherehe.

Jumanne, 11 Machi

Nimebandika tangazo mlangoni: HAKUNA SALAMU, HAKUNA KITABU. Paskalina kaniuliza kama nimelifikiria vizuri. Wivu tu huo.

Masalu kaja. Kanipungia mkono, simu sikioni. Mkono! Mimi kaka yake kwa umri! Nikamnyima kitabu. Nilipokwenda kunywa chai, Paskalina akampa.

Jumatano, 12 Machi

Balaa. Nilisahau kuwa kila Jumatano wazee wa Kishapu, wakija mjini, hupitia kwetu kusoma magazeti. Wamelisoma tangazo, wakalifurahia mno. Eti hatimaye adabu imekumbukwa. Basi kila aliyeingia akawasalimia wote, mmoja baada ya mwingine, Kisukuma kirefu: ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, ya pamba, ya mjukuu aliyeolewa. Akimaliza, anaingia mwingine, inaanza upya. Wanafunzi wakaziba masikio.

Nikafoka: Kimya! Mzee Mwigulu akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona mimi sijampa shikamoo. Akaninyooshea tangazo langu mwenyewe. Nikampa. Wenzake nao wakaweka magazeti chini, wakasubiri za kwao. Nimeamkia mpaka koo likakauka.

Tangazo nimelibandua. Mzee Mwigulu kaliomba, analipeleka kwa wakwe wa mwanawe.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilitega mtego. Nilimwita Mama Asteria aje auone ukorofi kwa macho yake, kisha amtaje kaimu akiwa bado ana hasira. Tukafika dirishani. Masalu hayupo! Sauti inatoka stoo ya magazeti ya zamani. Nikausukuma mlango kwa kishindo.

Yumo. Kakalia marundo ya magazeti, anaisomea simu hadithi kwa sauti ya juu, na upande wa pili bibi mmoja anacheka mpaka anakohoa.

Stoo kapewa na Paskalina. Eti yeye alimwamkia kwanza kwa Kisukuma, Mwangaluka, akamuuliza ya nyumbani, akaambiwa yote: mama yake amelazwa hospitali ya Kolandoto, masikio mazito, anaogopa upasuaji, na hatulii mpaka mwanawe amsomee. Saa za kuona wagonjwa ni chache, na asiye mwanachama haruhusiwi kutoka na kitabu.

Mama Asteria akafuta macho. Akauliza ni nani aliyemnyima kijana huyu uanachama. Nikaitazama feni. Paskalina naye akaitazama feni. Mnafiki! Masalu akaninyooshea kidole.

Kaimu ni Paskalina. Mimi nimepewa kazi mpya: kila Jumatatu nipeleke vitabu Kolandoto, niwasomee wagonjwa. Mama Asteria anasema nitajifunza kitu. Nijifunze nini tena? Njama hii waliipika pamoja, naiona wazi.

Kuku nimemla kwa hasira. Mgumu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika wodini. Wa kwanza ni mama yake Masalu, upasuaji wake kesho. Nimempa shikamoo. Kimya. Nimempa ya pili. Kimya. Ya tatu nimeitoa kwa nguvu, wodi nzima ikaitikia marahaba isipokuwa yeye! Akapigapiga godoro nikae, akaniambia nipaze sauti kidogo, maana mwanawe husoma vizuri zaidi.

Nikapaza. Nesi akaja kunikemea kwa kelele. Mimi! Bibi akanishika mkono, akaniambia nisimjali huyo, niendelee, na hakuniachia mpaka hadithi ikaisha.

Wala marahaba yangu hajanipa mpaka naondoka. Mama na mwana, adabu sifuri! Jumatatu ijayo naja na karatasi na gundi, nabandika juu ya kitanda chake: HAKUNA MARAHABA, HAKUNA HADITHI.