Upande wa Kushoto wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya fahari! Shangazi, mkunga anayestaafu Ijumaa, amenikabidhi mimi, si mwingine, rekodi ya kwaya yake niisafishe. Anayeongoza ni yeye. Koo linamsumbua, amesema hataimba tena baada ya hii. Itapigwa mbele ya hospitali nzima. Nimevaa hedifoni na kasoro nimeigundua papo hapo: upande wa kushoto, wenye sauti ya Shangazi, unasikika kwa mbali. Kwenye kompyuta vijiti vya kijani vinavyoonyesha nguvu ya sauti ya pande zote mbili vinalingana. Lakini vijiti vina masikio? Shemeji, mume wa dada, ameomba nakala kwenye flashi. Nimempa, ajifunze.

Jumanne, 5 Machi
Nimepandisha kushoto. Bado. Nimepandisha tena. Kijiti kimekuwa chekundu, nadhani kimeanza kuchangamka. Shemeji ni seremala, karakana yake iko nyuma ya ukuta wangu wa kushoto. Amechungulia dirishani akanishauri nigeuze hedifoni, ya kushoto niivae kulia, nione kama kasoro itahama. Mtu wa misumari! Nimemwambia arudi kwenye mbao zake.

Jumatano, 6 Machi
Nimemaliza. Nimehifadhi kazi juu ya faili ya zamani. Anayejiamini haweki akiba.

Alhamisi, 7 Machi
Shangazi alikuja kusikiliza kwenye spika. Sauti yake ilitoka imepasuka, inakwaruza, na kwaya haisikiki. Mimi natabasamu, nangoja sifa. Akakaa kitandani polepole.

“Kumbe sauti yangu imekwisha hivi,” alisema. “Usiipige kesho, mwanangu.”

Moyo ulinishuka, sitaficha. Nikaanza kueleza kuwa kosa ni la wanakwaya. Akaniita mara mbili kutoka kushoto kwangu, eti sikugeuka. Akanishika sikio kama nilipokuwa mdogo, akachungulia, akavuta. Pamba! Niliitia wiki iliyopita kwa ajili ya nyundo za Shemeji, nikasahau kuitoa. Basi mkosaji amejulikana: Shemeji.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji alileta flashi yake ukumbini, na rekodi ikapigwa kama ilivyokuwa Jumatatu. Sauti ya Shangazi ilijaa hadi mlangoni. Daktari mkuu alifuta machozi. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akacheka peke yake, akanishika mkono. Nilifurahi kuliko siku zote. Wakauliza fundi ni nani. Nikasimama, nikainama kidogo. Shemeji akakohoa. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Machi
Sifa zimeenea! Jirani ameleta rekodi ya harusi ya bintiye, na amesema haina nakala nyingine. Kazi kubwa hii, inataka utulivu, na Shemeji anagonga kitanda cha mtu tangu asubuhi. Nimetia pamba sikio la kushoto, linaloelekea kwake. La kulia nimeliacha kwa ajili ya kazi. Nimevaa hedifoni.

Ajabu! Nayo hii kushoto ni hafifu. Bahati yao wamekuja kwangu.