Bustani Inayopandisha Bei ya Kwetu

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba yetu inauzwa! Ile tuliyokulia, ambayo baba aliiuza alipostaafu bila kuniuliza. Nimepita leo, mlango ulikuwa wazi. Sakafu nyekundu ya ukumbini bado iko. Tulikuwa tukiteleza juu yake kwa magunia, mama akigonga sufuria dirishani kutuita tule. Nilitaka kulia palepale barabarani.

Kisha dalali akataja bei. Machozi yakakauka. Eti bustani ya manispaa iliyo mbele ya nyumba ndiyo inayopandisha. Hata katika mji mdogo kama huu watu siku hizi wanalipia kivuli. Bustani! Enzi zetu lilikuwa pori la upupu.

Akiba yangu haifiki. Dada anashauri nikamsalimie mwenye nyumba, nesi mstaafu, nimwambie mimi ni mtoto wa nyumba ile. Dada hajui biashara. Dawa ni kuichafulia bustani jina, bei ishuke.

Jumatano, 5 Machi
Nimeeneza habari kwamba bustanini kuna chatu. Nilianza kwa kinyozi asubuhi. Kufikia mchana, fundi cherehani ananieleza mimi jinsi chatu huyo alivyomeza mbwa. Jioni nimeogopa, nikapita njia nyingine.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Watu wa manispaa wamekuja kumsaka chatu wangu. Wamefyeka vichaka, wamepanda nyasi, wameweka taa. Dalali amepiga simu kwa furaha: bei juu. Anasema ni bustani gani nyingine mjini iliyothibitishwa kwamba haina nyoka?

Jumapili, 9 Machi
Nimelegeza skrubu za benchi la pekee bustanini. Kabla sijaondoka akatokea seremala, mbaya wangu tangu shule ya msingi. Ikabidi nikae, nijifanye napumzika. Chali! Seremala alicheka hadi akashika kiuno.

Nikiwa pale chini nililiona dirisha la jikoni. Dogo kuliko nilivyolikumbuka. Kwa muda sikutaka kuinuka.

Jumatano, 12 Machi
Seremala ameleta mabenchi mapya manne, bure, yenye egemeo. Anamtangazia kila mtu kwamba ni kwa heshima ya mgongo wangu. Bei juu tena.

Alhamisi, 13 Machi
Nimesalimu amri, nikapiga hodi kwa nesi. Nilipomwambia mimi ni nani, alinishika mkono. Amesema alikuwa akimwomba Mungu ampate mtu kama mimi, angempunguzia hadi basi. Laiti ningekuja wiki iliyopita! Sasa hauzi. Alitaka kuhama kwa upweke, lakini siku hizi bustani ina taa, ina mabenchi, ina watu wa kupiga nao soga. Atazeekea hapo hapo. Amemwombea heri yeyote aliyemwona yule chatu.

Alipokwenda kuchemsha chai nilivua viatu, nikateleza ukumbini kwa soksi. Nilifika hadi mlango wa jikoni. Hakuna aliyegonga sufuria. Nimelia, sifichi.

Ijumaa, 14 Machi
Dada ameniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemjibu miguu yangu mizima, kinachouma ni mgongo.

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Kosa lilikuwa kutumia mnyama ambaye hayupo. Kesho alfajiri naenda mnadani kununua mbuzi wawili, wenye njaa.