Mlango Aliouomba Nadine

Ijumaa, 22 Agosti

Nadine kapiga simu. Anarudi! Jumapili, kwa ndege ya mchana.

Tangu Oktoba yuko Ohio kwa dada yake Opal. Kimbunga kile cha Oktoba kilibomoa mlango wetu wa gereji, upepo ukaingia ndani, ukainua paa la chumba cha kulia chakula. Wiki ile ile mke wangu akafungasha. Sasa anakuja kujaribu wiki moja. Akiweza kulala katika nyumba hii, atabaki. Akishindwa, atarudi Ohio, na safari hii ataondoka na cherehani yake. Alisema hivyo kwa upole kabisa. Afadhali angefoka.

Akauliza swali moja tu: mlango mpya, ule mzito wa kuhimili upepo, umeshawekwa? Nikasema umewekwa. Ningesemaje? Sauti yake ilikuwa na furaha.

Haujawekwa. Uliopo ni ule ule wa zamani. Niliunyoosha kwa nyundo nikaurudisha kwenye reli zake. Unapanda, unashuka. Mtu atake nini zaidi? Hata hivyo nikampigia fundi wa milango. Akacheka. Eti nafasi iliyopo ni baada ya Krismasi. Eti mzee, Januari ulikuwa wapi? Januari nilikuwa nachora mlango wangu mwenyewe! Hakutaka kusikia.

Osvaldo Marrero, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliwekewa wake Februari. Mweupe. Kila jioni akimwagilia maua huugonga kwa vidole na kutabasamu. Mtu mzima, mwenye asili ya Kuba, anauchekea mlango.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimepata! Usingizini kabisa.

Nyuma ya nyumba kuna vyuma vya lile banda la wavu lililokuwa limefunika bwawa la kuogelea. Kimbunga kilivikunja, nami sikuvitupa. Nadine alikuwa akiniambia vitupe. Sasa nitavikata viwe nguzo, nizisimamishe nyuma ya mlango, chini zikazwe kwa bolti kwenye saruji, juu kwenye boriti. Hakuna upepo utakaosukuma. Halafu nipake mlango rangi nyeupe. Nadine hatajua, na hata akijua, atakuwa salama. Sasa uongo uko wapi?

Nimetoboa sakafu tangu asubuhi. Osvaldo akaja na kikombe cha kahawa yake ile chungu, akasimama anatazama. Akasema, jirani, nguzo zikikazwa huo mlango hautafunguka. Nikamwambia ndiyo maana ya kuzikaza. Akaniangalia, akanywa kahawa, akaondoka. Wivu.

Jumapili, 24 Agosti

Amefika. Amekata nywele. Amependeza mno, na nilisahau kumwambia kwa sababu nilikuwa nasubiri auone mlango.

Akauona. Akashuka garini, akausogelea, akaweka kiganja juu yake akasukuma kidogo. Bati likabonyea, likarudi kwa mlio kama wa kifuniko cha sufuria. Rangi ikabaki mkononi mwake. Akauliza fundi aliitwa nani. Nikasema Kirby. Akauliza Kirby nani. Nikasema Kirby tu, ndivyo anavyojulikana mjini.

Akafuta mkono kwa leso.

Amelala na viatu vyake kando ya kitanda, soksi zikiwa ndani, vimeelekezwa mlangoni. Nilivitazama muda mrefu. Sijui kwa nini viatu viniumize hivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Televisheni inasema kuna kimbunga kinanyanyuka kusini mwa Kuba. Kimepewa jina Mavis. Mavis! Huyo ni shangazi wa mtu. Huwezi kumwogopa Mavis.

Nadine ameogopa. Alizima televisheni, akakaa nami mezani, akasema anataka kuniambia kitu na nisimkatize. Akasema Oktoba, tulipojificha bafuni ndani ya beseni la kuogea na godoro juu yetu, mimi nilikuwa nasema si kitu, si kitu. Mlango ulipopasuka nikasema si kitu. Paa lilipoanza kulia nikasema si kitu, nikaanza kumweleza jinsi nitakavyolirekebisha. Akasema, Harlan, tulibanana chini ya godoro moja na bado nilikuwa peke yangu.

Akasema hakuniomba niwe fundi. Aliniomba mlango.

Loo. Niliona kabisa lile nililopaswa kusema. Nikafungua kinywa, nikamwambia nitaongeza nguzo.

Jumanne, 26 Agosti

Mavis anakuja huku. Mji wetu wote wa Punta Gorda umeingia wazimu. Supamaketi hakuna maji, hakuna betri, na watu wazima wanagombania mkate. Mtaani kila mtu yuko juu ya ngazi anafunga madirisha kwa mabati. Mimi nina mpango.

Nimeingiza gari gerejini kinyumenyume, nikafunga mlango, kisha nikalisogeza mpaka bampa la mbele likagusa mlango. Kila mtu hapa anajua hilo, gari huzuia mlango usiingie ndani. Wengine wanategemea gari tu. Mimi gari na nguzo! Nikasimamisha nguzo zote, nikakaza kila bolti mpaka spana ikalia. Kisha nikarudi nyuma nikatazama. Nilijisikia mtu.

Nilimwita Nadine aone. Akasimama mlangoni pa jikoni, akahesabu kwa macho, akauliza kama hivi ndivyo Kirby alivyoacha. Nikasema Kirby alifanya nusu. Akasema, ahaa. Ile ahaa yake naijua tangu tumeoana.

Lakini baadaye aliniletea sandwichi ya jibini hapo hapo gerejini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa wakati nakula. Tulikaa kimya. Upepo ulikuwa haujaanza. Niliwaza kwamba labda hiki ndicho alichokuwa anakitaka, mtu wa kukaa naye kimya. Wazo zuri. Halafu nikaona bolti moja haijakaa sawa.

Jumatano, 27 Agosti

Naandika haya Lakeland, mbali na pwani, nyumbani kwa binti wa Osvaldo. Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi amri ilitolewa: wote wanaoishi kando ya mifereji wahame. Sisi ndio hao. Nadine alishakuwa tayari, begi mkononi, cherehani imeshapakiwa siti ya nyuma. Niliiona cherehani, nikajifanya sikuiona. Akaketi akafunga mkanda. Nami nikaketi, nikawasha gari, na nikafanya lile ambalo nimelifanya kila asubuhi ya maisha yangu katika nyumba hii.

Nikabonyeza rimoti.

Mota ilivuta. Nguzo zikagoma. Mlango, ukivutwa juu na kushikwa chini, ukaanza kujikunja katikati polepole, bati kwa bati, na mlio ambao sitausahau. Nikabonyeza tena ili usimame. Mota ikavuta zaidi. Reli moja ikang'oka ikaangukia bonneti. Kisha kimya, na harufu ya waya zilizoungua.

Nguzo zangu hazikutingishika. Hata moja! Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Nilimwambia Nadine si kitu.

Akafungua mkanda. Akachukua begi lake, akapitia jikoni, akatoka mlango wa mbele, akavuka barabara. Nikabaki na funguo mkononi. Nilijaribu kulegeza bolti, lakini bati lililokunjamana lilikuwa limezibana zote. Gari limefungwa ndani kama sanduku la benki.

Osvaldo akaja. Nilisubiri anicheke. Angecheka ningejua la kumjibu. Akatazama, akasema tu, twende jirani, nafasi ipo. Akaniinulia cherehani akaibeba yeye mwenyewe.

Safari nzima nilikaa mbele. Nyuma Nadine na Migdalia, mke wa Osvaldo, walikuwa wanazungumza juu ya mapazia. Mapazia! Mji unahamwa. Mara Nadine akacheka. Nilikuwa nimesahau kile kicheko, kinavyoanzia puani. Nikageuka nione kilichochekesha. Wakanyamaza wote wawili. Basi kilikuwa mimi. Nikatazama tena mbele, nikakiacha kicheko kiendelee.

Alhamisi, 28 Agosti

Mavis amegeuka. Ameelekea baharini, huyo, kimya kimya, hakugusa hata kiti cha ufukweni. Osvaldo anasherehekea kwa domino. Amenifunga kila mchezo.

Nadine alilala mpaka jua likapanda. Niliamka kabla yake. Viatu vyake vilikuwa sebuleni, vimechanganyika na vya wenyeji. Nilisimama pale na kikombe cha kahawa, nikajiuliza ni nini kilichopo katika nyumba ya watu ambacho hakipo kwangu. Nikashuka gerejini kwao nikautazama mlango. Mzito. Nyuma umeungwa kwa mikanda ya chuma. Nikajiwazia, hapana, si mlango tu. Ni kwamba hapa hakuna aliyemwambia si kitu. Migdalia alipomwona anatetemeka alimshika mkono tu, akasema hata mimi naogopa, mama.

Kumbe ni rahisi hivyo. Ningeweza kusema vile. Naogopa! Tangu Oktoba naogopa.

Nimekusudia kumwambia leo. Kisha Osvaldo akaniita tuendelee na domino.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumerudi. Mtaa mzima uko kama tulivyouacha. Hata makopo ya maua ya Osvaldo yamesimama. Nyumba moja tu katika Punta Gorda yote imevunjwa mlango, na ni yangu.

Wanaotembeza mbwa wanasimama kunipa pole. Bwana mmoja akasema, maskini Harlan, Mavis amekuchagua wewe peke yako. Nikasema ndio upepo ulivyo, hauna adabu. Nadine alikuwa nyuma yangu.

Harlan, akasema, hapa hapakuwa na upepo.

Bwana akavuta mbwa wake akaenda zake. Nikageuka. Nikamwambia. Si yote, lakini nilimwambia kwamba Kirby hayupo, na kwamba naogopa. Nilisema nikitazama viatu vyangu. Aliniwekea mkono shingoni. Alilia kidogo, nami macho yakaingia vumbi. Akasema hilo tu ndilo alilolisubiri tangu Oktoba.

Kisha akampigia fundi wa milango mwenyewe. Mtu mmoja ameahirisha, nafasi imepatikana Jumatatu ya wiki ya pili! Mpaka siku hiyo Nadine atalala kwa Migdalia. Mlango ukiwekwa, anarudi nyumbani, na cherehani yake. Mimi nina kazi moja: kuwapo asubuhi hiyo, na kutogusa kitu. Akalirudia mara ya pili. Kutogusa kitu, Harlan. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 7 Septemba

Mlango ni kesho. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Nimewaza sana wiki hii. Nadine alitaka nisikilize, nami nimesikiliza. Anataka mlango ule mzito. Ataupata. Lakini nimewaza pia, mgeni akija akaufunga, akaondoka, mimi nimempa nini mke wangu? Nimempa nafasi ya foleni tu.

Basi nimempigia fundi. Nimemwambia watu wake wasije, alete mlango tu aushushe hapo mbele. Kufunga nitafunga mwenyewe, iwe zawadi. Akaniuliza kama nina uhakika, maana nafasi hiyo atampa mwingine leo hii, nami sitapata nyingine mpaka baada ya Krismasi. Nikamwambia ampe tu, asiwe na wasiwasi.

Nadine yuko ng'ambo ya barabara kibarazani kwa Migdalia. Ameniona nimesimama gerejini. Amenipungia mkono, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, na kucheka.

Nami nikampungia, na bisibisi mkononi.