Tunapunga Pepo, Bila Umeme

Jumatatu, 12 Februari
Siamini masikio yangu! Mke wangu kaapa, chai ikiwa mezani: hadi Ijumaa nyumba hii isipopoa, anahamia kwa kaka yake. Kwa shemeji! Yule muuza matairi mwenye viyoyozi vitatu, kimoja cha kasuku! Mimi, niliyeandika barua kumi na saba magazetini kupinga ufujaji wa umeme, nikimbiwe kwa ajili ya baridi ya kasuku? Nimechomoa feni papo hapo. Mke kauliza kama naumwa. Nimemjibu kwamba vita vimeanza.

Jumanne, 13 Februari
Nimetundika shuka zilizoloweshwa dirishani. Mapazia ya upande wa jua, yamefungwa. Mlango wa nyuma, wazi. Saa nane mchana, maajabu! Upepo ukapita sebuleni, karatasi zikaruka. Mke kajilaza mkekani dakika ishirini, kakiri shingo upande kwamba si vibaya. Si vibaya! Kisha shemeji akapiga simu: dada yake asijitese, chumba kiko tayari. Kisha kanidhihaki mimi: je, profesa, nguo zako za dirishani zimekauka? Nimekata simu.

Jumatano, 14 Februari
Nimepata dawa. Kesho naalika majirani. Hakuna mwanamke atakayefunga begi mbele ya watu wanaoisifia nyumba yake. Mke kasoma tangazo langu, kashauri niandike "kupunga upepo". Nimepigwa na butwaa. Miaka ishirini na miwili ya ndoa na mtu asiyejali ngeli! Upepo wa dirishani mmoja, wa mlangoni wa pili. Wingi wake ni pepo! Sasa liko getini, herufi kubwa: HAPA TUNAPUNGA PEPO. BILA UMEME. BURE. KESHO SAA SABA MCHANA. Mke kauliza kama nina hakika. Nimempa kamusi.

Alhamisi, 15 Februari
Watu arobaini! Furaha ilinijaa mpaka wa kwanza alipofungua mdomo. Mama mmoja kamsukuma mumewe mbele yangu, kasema anao wawili, mmoja mkorofi sana. Nikamwambia hata hapa zipo mbili, moja inaingilia dirishani. Akapiga yowe! Seremala wa mtaa wa pili kaniita mtaalamu, kauliza kwa heshima zote: kwani wenzangu huwatoa kwa umeme? Nikasimama juu ya kiti kufafanua ngeli. Pepo zinazovuma ni hizi. Pepo wanaopanda watu vichwani ni wale. Nani asikilize! Shuka moja ikajaa upepo, ikamfunika fundi cherehani. Kelele! Waliokuwa nje wakakimbilia ndani kuona, mabega yakaziba mlango na dirisha. Sebule ikawa tanuri. Mume wa yule mama kaniegemea, kanong'ona kwamba yeye hana pepo yeyote, ana mke tu.

Hapo ndipo wangu alipotoka chumbani na begi. Nikamkumbusha kwamba ahadi ni Ijumaa. Kasema joto angelivumilia, hayo mengine nikayaulize kwenye kamusi. Umati ukampisha njia. Mimi hawakunipisha.

Ijumaa, 16 Februari
Kimya. Saa nane mchana, peke yangu. Na jambo la kutisha: nyumba imepoa! Shuka zimekauka, sikuwa na moyo wa kuzilowesha, na bado imepoa! Nimepekua vitabu mpaka nikapata sababu. Mwili wa mtu mmoja hutoa joto linalokaribia la balbu ya wati mia. Kumbe! Miaka ishirini na miwili nimeishi na balbu isiyozimwa!

Nimemwandikia mke wangu barua ya mapenzi, kurasa nne. Nimemweleza kwa upole kwamba joto lile lilikuwa lake mwenyewe, nikamshukuru kwa kuondoka na kuthibitisha hoja. Nimeipeleka kwa shemeji aisome kwa sauti, mama mkwe anayeishi hapo naye asikie. Nimenyoosha shati jeupe la kumpokelea. Hajapiga simu bado. Bila shaka analia kwa furaha.