Yai la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Julai
Upepo tangu alfajiri. Mabati yanalia, milango inajibu. Kuku wangu sita wamejikunyata kama abiria walioachwa na gari. Wiki ya saba hii, na hakuna yai. Hata moja!

Na Jumamosi anakuja mama mkwe. Kosa ni langu. Jana alipopiga simu nilimwambia atakula mayai ya kuku wetu wenyewe. Ulimi haukunisubiri. Huyu ndiye aliyesema siku ya harusi yetu kwamba mimi siwezi kufuga hata ukungu kwenye mkate. Miaka kumi na minane imepita, na watu wanaikumbuka kauli hiyo kuliko keki.

Dawa ya kuku kutotaga ni rahisi. Baridi inaingia, basi izuiwe. Jioni nimeziba banda lote kwa nailoni na udongo. Bibi Nesi, jirani yetu, muuguzi mstaafu ambaye kuku wake wanataga kana kwamba wameandikiwa na daktari, alisimama uani kwake akaniambia niache upenyo juu, chini ya paa, pumzi itoke. Kuku hasumbuliwi na baridi, alisema, anasumbuliwa na unyevu na upepo wa kumpiga mwilini. Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiyesikiliza. Mimi nafundisha jiografia. Upepo ndiyo kazi yangu!

Jumanne, 4 Julai
Nimefungua banda. Harufu ikanizaba kofi. Machozi! Paa linadondosha matone kwa ndani, nyasi chapachapa, kuku wanapiga chafya kwa zamu. Madoa, yule mwenye madoadoa (nampenda kuliko wengine, wasijue), ncha za upanga wake wa kichwani zimeanza kuwa nyeupe kwa baridi.

Nikachukua nyundo nikatoboa kuta. Nikishaanza kutoboa siwezi kuacha. Sasa hewa ipo. Ipo nyingi mno. Shuleni nimefundisha vipindi vinne nikiwa dirishani, nikiuchungulia upepo.

Jumatano, 5 Julai
Wazo limenijia kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule akiwa katikati ya hotuba. Sweta! Mikono miwili ya sweta, kila mmoja vipande vitatu: kuku sita. Hesabu haidanganyi. Niliomba ruhusa, nikasema tumbo.

Nikakata, nikawavisha. Matokeo. Watatu walitembea kinyumenyume. Wawili walisimama tuli kama wamekamatwa. Madoa alijilaza ubavu, akafumba macho, akakataa kuendelea na maisha. Bibi Nesi alijiletea kiti.

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na anajua kila uzi ulioko ndani ya nyumba hii, aliniuliza kwa upole iko wapi mikono ya sweta yake ya kutokea. Upole huo naujua. Nimekula peke yangu, nimesimama.

Alhamisi, 6 Julai
Saa nane mchana, niko darasani, simu. Mke wangu. "Mwalimu, njoo. Banda limeondoka."

Kweli limeondoka. Upepo uliingia kwenye matundu yangu, ukatafuta pa kutokea, ukabeba paa zima. Bati moja lilikuwa limekaa juu ya kabichi za Bibi Nesi. Kuku watano walikuwa wamehamia bandani kwake wenyewe, bila aibu, kama watu waliokwisha kupanga. Madoa hayupo.

Nilimtafuta kwa muda wa saa mbili. Nikamkuta mtaroni nyuma ya karakana ya seremala, amekakamaa, jicho nusu wazi. Nikamwingiza ndani ya koti, kifuani. Mzito na baridi kama kitabu kilicholowa. Nilimwambia njia nzima maneno ambayo sitayaandika hapa. Upepo wote ule, mimi nasikiliza kitu kimoja tu: moyo wake. Mara naupata, mara unanipotea.

Bibi Nesi alimpokea bila swali. Kitambaa kikavu, boksi kando ya jiko, maji ya sukari tone kwa tone. Nikamuuliza kama atapona. "Nenda kaketi, Mwalimu," alisema. Sikuketi. Nilizunguka meza hadi mke wangu akanishika mkono. Habari za sweta hakuzitaja.

Ijumaa, 7 Julai
Madoa amesimama! Ameninyea kiatu. Nimefurahi kupita kiasi.

Banda linajengwa upya. Bibi Nesi anaelekeza, seremala anapiga, mke wangu anapima. Mlango umeupa upepo mgongo. Upenyo juu, chini ya paa. Chini maranda makavu, ya kuzama kiganja. Nilipendekeza maboresho matatu. Wakanituma misumari. Niliporudi banda lilikuwa limekwisha, kuku wote sita ndani.

Bado hakuna yai.

Jumamosi, 8 Julai
Saa tatu, viota vitupu. Mama mkwe yuko njiani! Nikaenda kwa Bibi Nesi, eti kushukuru. Alipogeuka kumimina chai nikachukua yai moja kwenye bakuli lake la mezani. Nikalitia kiotani.

Mama mkwe alifika, akalikuta mwenyewe, akalibeba jikoni kama mshindi. Akaligonga kwenye ukingo wa kikaango. Ko! Akaligonga tena. Akalimenya taratibu, jeupe, gumu, limeiva.

"Mwanangu," akaniambia, "kuku wako wanataga yaliyokwisha kuchemshwa?"

Nilisema labda ni baridi. Mama mkwe akaketi chini kwa kucheka. Sijawahi kumwona akicheka. Mke wangu alitoka nje, mabega yakitikisika.

Jumapili, 9 Julai
Yai! La kweli! Dogo, la kahawia, bado lina joto. Nililikimbiza hadi mezani na viatu vya matope. Mama mkwe alilitikisa kwanza sikioni, ana haki. Akalikaanga, akala, akafuta sahani kwa mkate. "Tamu, baba," akasema. Nikatoka uani kidogo. Upepo huu unatoa watu machozi.

Nimetafakari. Wiki moja tu, na nimeshaumaliza ufugaji wa kuku. Bibi Nesi na seremala walisaidia hapa na pale, sikatai. Lakini kuku ni wanyonge mno kwa mji huu. Bata ndio wenyewe! Bata ana mafuta mwilini, baridi haimwambii kitu. Anachotaka ni maji tu, yaliyokingwa upepo. Mke wangu amenikuta bafuni, nimeinamia beseni la kuogea na futi yake ya kupimia nguo, akauliza napima nini. Nimemwambia kwa muda tutakuwa tunaoga kwa ndoo.