Zabibu za Mtani

Jabiri alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake pale stendi ya Korogwe, akilipangusa tangi kwa kitambaa laini ambacho watu wengine wangekitumia kumfutia mtoto uso, alipomwona mzee mmoja dirishani mwa basi anakula zabibu. Kula zabibu si ajabu. Ajabu ni kwamba mzee alikuwa akizitemea mbegu kiganjani, anazichambua, kisha anazifunga kwenye pindo la leso kwa fundo la heshima. Jabiri akajisemea kuwa mtu anayefunga mbegu namna ile ameshavuna moyoni, kilichobaki ni kupata wa kumuuzia miche.

Huyo ndiye Jabiri, Mshambaa mzaliwa wa Magoma, aliyelikimbia jembe kabla halijamzoea. Mke hana, kiwanja hana. Alichokuwa nacho duniani ni pikipiki ile nyekundu, aliyoinunua kwa jasho la watu wengine, na aliipenda kwa mapenzi ya dhati. Alisogea dirishani, akaamkia, na mpaka basi linaondoka alikuwa ameshajua kwamba mzee anaitwa Mustapha, Mzigua wa Mkata, mfanyabiashara wa mahindi, na kwamba ndoto yake ni kuwauzia zabibu abiria wa mabasi yanayosimama Mkata, yeye peke yake, bila mshindani.

Kesho yake Jabiri aliteremka mtoni, akakata mimea ya porini inayotambaa, vipande vya unene wa kalamu, akavichovya kwenye tope na kuvifunga ndani ya gunia bichi. Kimoja chenye majani akakipanda kwenye ndoo, na kwenye majani yale akaning'iniza kishada cha zabibu za kununua stendi, kwa uzi wa kuvulia samaki. Ukiutazama kwa mbali ule mzabibu ulipendeza sana. Kwa karibu hakuruhusu mtu.

Likabaki suala la yeye mwenyewe. Mshambaa akienda kwa Wazigua na miche ataulizwa ukoo, kijiji na jina la mjomba, maana ni majirani na kila mtu ana shemeji upande wa pili. Lakini Mnyamwezi kwa Mzigua ni mtani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani huingia mpaka jikoni, akafunua chungu, akachukua kinachomfaa, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kununa. Kwa hiyo Jabiri alipozima pikipiki Mkata, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekulia Dodoma katikati ya mizabibu.

Mzee Mustapha alimkumbuka yule kijana wa dirishani, ambaye kabila hakuwa amelitaja, akampokea kama mwana aliyepotea. Jabiri alimweleza kwamba mzabibu ni mti wa subira: mwaka wa kwanza mzizi, wa pili kamba, wa tatu ndipo sukari. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kila mji hupewa nyumba moja tu, kwa sababu nyuki wakichanganya bustani mbili, zabibu huwa chungu, hivyo kipando, kile kijiti cha kuotesha, kipandwe nyuma ya ua na asiambiwe mtu. Mzee alisikia "nyumba moja tu" na hakusikia tena kitu kingine. Alitoa gunia la mahindi na jogoo.

Kabla ya magharibi, nyumba moja tu zilikuwa zimefika kumi na kitu. Upekee ni bidhaa nzuri jamani, haina uzito, na ukishauuza bado unao.

Sasa mzabibu hutambaa, na kitu kinachotambaa hutaka kichanja. Wiki ile ile nguzo zilianza kuchomoza nyuma ya kila ua, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba anajenga kichanja cha kuanikia vyombo. Mzee Mustapha, mwenye mke mmoja na sahani za kuhesabika, alijenga kichanja cha kutosha vyombo vya harusi mbili. Bwana afya alipopita na kuona mwamko ule wa usafi, alikaribia kutoa machozi, akaahidi kuitaja Mkata kwenye kikao.

Nyumba ya mwisho siku ile ya mauzo ilikuwa ya Bi Rukaya, mjane mwenye kibanda cha chai na chapati, aliyetaka kivuli cha kuwakalisha wateja wake. Alikipokea kipando, akakigeuza, akakinusa. Kisha akamtazama Jabiri kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Nyie Wanyamwezi mlipewa vichwa vya kubebea mizigo, ndani hamna kitu," alisema. "Na huyu wa leo katumwa kuni, kazileta kaziita zabibu."

Jabiri aliinama kidogo, akatabasamu tabasamu lake la biashara. "Asante sana, mama," akasema.

Bi Rukaya alikigeuza tena kile kipando. Halafu akampa kuku, akamwomba na namba ya simu.

Simu yenyewe ililia baada ya majuma mawili. Bi Rukaya alisema ana ndugu zake Handeni wanataka mizabibu ya bustani nzima, aje na mzigo wa kutosha. Jabiri alikata mimea ya porini mpaka mkono ukamuuma, akaja mbio. Uani kwa Bi Rukaya aliwakuta wateja wake wote wamekaa mkeka mmoja wanakula wali, kila mmoja akijua siri ya mwenzake. Mtu mwenye busara angegeuza pikipiki pale pale. Lakini kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo, na Jabiri alimtazama yule mbuzi akaona ni malipo yake.

Bi Rukaya alimjia anacheka, akamshika mkono, na kwa ule ule mkono akachomoa ufunguo. Akatangaza kuwa amemkamata mtani, na pikipiki kuanzia leo ni yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Mustapha akachukua kofia ngumu, mwingine akamvua koti, na mzigo wa vipando ukaingizwa chini ya sufuria, ukashika moto vizuri. Jabiri naye alicheka, maana ndiyo kanuni. Alicheka akisubiri wachoke. Walichoka, wakarudi kwenye wali, na ufunguo haukurudi.

"Mama, utani umetosha sasa," alisema.

"Umetosha?" Bi Rukaya aliuliza. "Mnyamwezi gani anasema utani umetosha? Siku ile nimekutukana wewe na wazee wako na mizigo yao, ukanishukuru. Mtani wa kweli angenirudishia mpaka nitafute pa kujificha. Nikasema, huyu si mtani, huyu ni mtu mwenye adabu. Na mwenye adabu anayeuza zabibu ana lake jambo."

Kumbe tangu siku ile alianza kuwauliza majirani habari za vyombo vyao vya kuanikwa, walioulizwa wakatazamana, na siri zikatoka. Mzee Mustapha alinawa mikono taratibu, akamgeukia Jabiri.

"Chagua mwenyewe, mwanangu," alisema. "Kama u mtani, tumekunyang'anya kwa utani, na mtani hanuni. Kama si mtani, basi u mwizi, na polisi si mbali. Tutakusindikiza wote."

Jabiri aliitazama pikipiki yake. Amne, binti wa Bi Rukaya, aliyekuwa akiendesha bodaboda ya mtu, alikuwa ameshaikalia na kurekebisha vioo. Moyo wa Jabiri uliuma, uliuma kweli, kama wa mtu anayeona mchumba wake akiolewa.

"Mimi ni mtani," akasema.

"Basi cheka," akasema Bi Rukaya. Akacheka.

Kwa desturi, mali ya mtani hukombolewa, na bei ilikuwa imeshapangwa: aende huko Dodoma alikokulia, alete vipando vya mizabibu ya kweli, kila nyumba chake, na aje kuvipanda kwa mikono yake. Mpaka siku hiyo Amne angeitunza pikipiki kwa kuifanyisha kazi, isije ikashika kutu.

Walimsindikiza mpaka kwenye basi la Morogoro, akaunganishe huko. Nauli alijilipia. Basi lilipoanza kujivuta kutoka kituoni, Jabiri alisikia muungurumo ambao angeutambua hata usingizini. Pikipiki nyekundu ilikuja sambamba na dirisha lake imebeba mshikaki: Amne usukani, katikati Bi Rukaya ndani ya koti la Jabiri, nyuma kabisa Mzee Mustapha na kofia yake ngumu, wote wanapunga mikono kwa furaha. Basi zima likaangua kicheko.

Mama aliyekaa jirani alijifuta machozi ya kucheka, akamgeukia. "Unawafahamu wale?"

Jabiri aliinua mkono, akawapungia na yeye.

"Watani zangu," akasema, na akacheka mpaka pikipiki ikapotea.